Meli iliyopunguziwa mbio ikapata muziki

Mwaka 1979 Knut Kloster, mwenye meli kutoka Norway, alilipa dola milioni 18 kununua chombo kilichokuwa kimelala bandarini Le Havre, Ufaransa, kwa karibu miaka mitano bila kazi. Wapo waliodhani amerukwa na akili. Chombo chenyewe kilikuwa France, chenye urefu wa mita 316. Hakukuwa na meli ya abiria iliyokizidi urefu, na haikuwapo hadi Queen Mary 2 ilipoingia kazini mwaka 2004. Mke wa Rais Charles de Gaulle ndiye aliyeizindua kule Saint-Nazaire, Mei 1960, na Februari 1962 ikaanza safari zake za New York. Kwa bahati mbaya, ndege za jeti zilikuwa zimekwisha kuanza kuvuka Atlantiki miaka mitatu minne kabla yake. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, serikali ya Ufaransa ikachoka kuilipia hasara.

Wazee wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wanaozikumbuka Karanja na Kampala, zile za British India zilizokuwa zikija na kurudi Bombay, hawahitaji kuelezwa meli ya ratiba ni nini. Kazi yake ni kukutoa bandari moja na kukufikisha nyingine kwa siku iliyotajwa, hali ya bahari iwe iwavyo. Kwa hiyo inaundwa na omo kali la kukata mawimbi, tumbo refu linalozama sana majini, na injini zenye nguvu kupita kiasi. France ilikuwa na rafadha nne na iliweza kupita maili 30 za baharini kwa saa. Meli ya matembezi haina shida na hayo. Inazunguka visiwani na kurudi ilikotoka, na kadiri inavyokwenda polepole ndivyo mwenyewe anavyookoa mafuta.

Kloster aliipeleka France Bremerhaven, Ujerumani, mafundi wakaipunguzia mbio. Rafadha mbili zikang'olewa, chumba kimoja cha injini kikafungwa, sitaha za juu zikatandazwa kwa ajili ya jua na mabwawa ya kuogelea. Ikapewa jina jipya, Norway, na mwaka 1980 ikaanza safari za wiki moja moja kutoka Miami. Mabaharia wake walitoka mataifa mengi kiasi kwamba iliruhusiwa kupeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa.

Tatizo moja halikuwa na dawa: kina. Tumbo lake lilishuka zaidi ya mita kumi chini ya maji, na bandari nyingi za Karibiani haziwezi kupokea chombo cha namna hiyo. Ikabidi ibebe omoni mashua mbili kubwa, kila moja ya kuchukua watu wapatao 400. Meli ilitia nanga mbali na pwani, na mashua zikafanya kazi ya kushusha na kupandisha abiria, kutwa nzima. Ndiyo maana ratiba zake za mwanzo zilikuwa na vituo vichache, labda Saint Thomas na kisiwa kidogo cha Bahamas, na siku zilizobaki ni maji matupu pande zote.

Sasa, abiria 2,000 wasio na bandari ya kushukia utawafanyia nini? Utawapigia muziki. Na hapo ndipo mabaki ya meli ya kifahari yalipofaa. Ukumbi wake wa maonyesho, wa ghorofa mbili na viti zaidi ya 600, ulijengwa ili abiria wa daraja la kwanza wakae juu na wa daraja la kawaida wakae chini. Utengano huohuo wa madaraja ulikuwa umeiachia meli saluni, baa na vyumba vya kulia kwa jozi jozi, kila upande na chake. Wafaransa walivijenga ili watu wasichanganyike. Kwa muziki vikawa kumbi nne tano zinazoweza kuchangamka kwa wakati mmoja.

Tamasha la jazi la melini lilianza mwaka 1983, likiandaliwa na Hank O'Neal na Shelley Shier wa New York. Lilifanyika majira ya vuli, watu wa matembezi wanapopungua na kabini kuwa ngumu kuuzika. Dizzy Gillespie alipiga humo, na Lionel Hampton, Clark Terry, Benny Carter na mwimbaji Joe Williams. Klabu ya mjini humpa msanii saa zake mbili, kisha anakunja tarumbeta na kuwahi teksi. Melini hana pa kwenda. Mpiga besi wa jana usiku ndiye huyo mbele yako kwenye foleni ya mayai asubuhi, na akimaliza zamu yake anaingia ukumbi wa pili kusikiliza wenzake, mara anaitwa jukwaani, na kesho yake hakuna anayejua nani alipiga na nani.

Mkasa ninaoupenda zaidi ni wa Mel Powell. Akiwa kijana alikuwa mpiga piano wa bendi ya Benny Goodman, kisha akaiacha jazi akageukia kutunga muziki wa kiwango cha vyuo, ule ambao watu wachache huusikiliza kwa hiari yao. Katika miaka ya 1980, mwili ukiwa umedhoofishwa na maradhi ya misuli, alirudi kwenye jazi ndani ya Norway. Rekodi aliyoifanya humo mwaka 1987, pamoja na Benny Carter, Milt Hinton kwenye besi na Louie Bellson kwenye ngoma, imebaki hadi leo. Mwaka 1990 akapata tuzo ya Pulitzer kwa utunzi wake mwingine, wa ule upande mzito.

Nina kinyongo kimoja na safari hizi. Zinaitwa za Karibiani, lakini Karibiani yenyewe hubaki mandhari ya dirishani. Kalipso na ngoma za mapipa ya chuma za Trinidad huwa za kumsindikizia mtalii akiwa na kinywaji chake, halafu usiku unaingia ukumbini kusikiliza watu wa New York.

Kuna safari moja iliyovunja mazoea hayo. Mei 1977 meli ndogo iitwayo Daphne, iliyoanza maisha yake kama meli ya mizigo, iliondoka New Orleans ikiwa na Gillespie, Stan Getz na Earl Hines, ikatia nanga Havana. Ilikuwa meli ya kwanza ya watalii kutoka Marekani kufika Kuba tangu uhusiano wa nchi hizo uharibike mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kijana mmoja alijitolea kumtembeza Gillespie mjini kwa gari lake, na Gillespie akamchukulia kuwa dereva. Usiku kijana akapanda jukwaani na tarumbeta. Alikuwa Arturo Sandoval. Pamoja naye walikuwapo Chucho Valdés na Paquito D'Rivera wa kundi la Irakere, na mwaka uliofuata Irakere ilipiga New York. Miaka kumi na moja baada ya safari hiyo Gillespie aliunda bendi kubwa iliyowachukua Sandoval na D'Rivera, na akaiita kwa jina la Umoja wa Mataifa.

Msomaji wa huku haoni ajabu kwamba Kuba ilikuwa na la kumfundisha bingwa. Sahani za santuri za GV zilizoleta rumba ya Kuba Afrika tangu miaka ya 1930 ndizo zilizowasha moto Kinshasa na Brazzaville, na Salum Abdallah wa Morogoro hakuiita bendi yake Cuban Marimba kwa bahati nasibu.

Norway yenyewe iliishia vibaya. Mei 25, 2003, ikiwa gatini Miami, boila lililipuka na kuua mabaharia wanane. Haikubeba abiria tena. Ilikokotwa hadi Alang, India, ikakatwakatwa chuma chakavu.

Safari za jazi zinaendelea kutoka Florida, sasa kwa meli mpya pana zisizozama sana, zinazoingia gatini karibu kila kisiwa. Siku za bandarini zimeongezeka, na ukiniuliza mimi, hilo ni hasara kwa msikilizaji: chagua ratiba yenye siku nyingi za baharini. Anayetaka meli ya ratiba ya kweli amebakiwa na Queen Mary 2 peke yake. Na mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania ahakikishe viza yake ya Marekani ni ya kuingia zaidi ya mara moja, maana meli ikirejea Miami kutoka visiwani, anasimama tena mbele ya ofisa wa uhamiaji kama mgeni mpya.