Miraa na muguka, mazao yasiyo na ghala

MKULIMA wa kahawa katika Kaunti ya Meru au Embu anaweza kukausha mazao yake na kusubiri bei ipande. Jirani yake anayekuza miraa au muguka hana nafasi hiyo. Pindi anapochuma, saa huanza kuhesabiwa.

Miraa na muguka hutokana na mmea mmoja, ambao wataalamu huuita Catha edulis. Miraa hustawi zaidi katika milima ya Nyambene, maeneo ya Igembe na Tigania, na watafunaji hupenda ganda laini la vijiti vyake. Muguka ni zao la Mbeere, upande mkavu wa Embu, na hutafunwa majani machanga.

Kinachomchangamsha mtafunaji ni kemikali iitwayo kathinoni. Majani yanaponyauka, kemikali hiyo hugeuka kuwa nyingine yenye nguvu ndogo. Ndiyo maana baada ya takriban saa 48 mzigo hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Shamba hupangwa kwa kuzingatia muda huo. Miti hupogolewa ili itoe machipukizi mapya, na uchumaji hufanywa kwa zamu ili mkulima asikose cha kuuza. Migomba nayo ina kazi zaidi ya kuzaa ndizi, kwani majani yake hutumiwa kufungia miraa isikauke. Wakati wa kiangazi, mwenye maji ya kunyunyizia huvuna wenzake wakiwa hawana kitu, na bei huwa upande wake.

Kutoka Maua, mzigo husafirishwa kwa magari ya mwendo wa kasi hadi Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 250. Ule wa Somalia hupakiwa kwenye ndege.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa biashara hii. Kwa kuwa hakuna ghala, soko likifungwa leo, hasara huonekana shambani kesho. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, na Uingereza ikafuata Juni 2014. Somalia ilisimamisha uagizaji Machi 2020 na kuurejesha Julai 2022.

Pigo jingine lilitoka humu nchini. Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilichukua hatua dhidi ya muguka, viongozi wake wakisema unawaharibu vijana. Wakulima wa Embu walikwenda kortini, na Mahakama Kuu mjini humo ikasimamisha utekelezaji wa marufuku hayo.

Kisheria, miraa haiko kundi moja na bangi, ambayo kilimo chake ni hatia nchini Kenya. Miraa ilitambuliwa kuwa zao rasmi kupitia marekebisho ya Sheria ya Mazao ya mwaka 2016, na kanuni zake zikatolewa 2023.

Hata hivyo, kutambuliwa na sheria hakuondoi malalamiko ya wazazi wa Pwani, wala kukosa usingizi kwa mtafunaji. Vilevile, marufuku hayamwonyeshi mkulima wa Mbeere zao jingine litakalostahimili ukame na kumlipia karo. Maswali hayo mawili yanahitaji kujibiwa pamoja, kwani zao lenyewe halingoji.