Dhahabu na fedha kama akiba: mambo ya kujua kabla ya kutoa pesa

Mkazi wa Mombasa anayeingia dukani kwa sonara akiwa na shilingi 150,000 anaweza kutoka na bangili, au na kipande kidogo cha dhahabu safi kilichofungwa ndani ya kadi ya plastiki. Vyote viwili ni dhahabu, na muuzaji huenda akaviita vyote "akiba". Tofauti yake hujitokeza siku ya kuviuza.

Katika makala haya neno fedha lina maana ya yale madini meupe yanayotengenezewa pete na mikufu. Noti na sarafu zinaitwa pesa.

Bangili na kipande

Usafi wa dhahabu hupimwa kwa karati. Karati 24 ni dhahabu tupu. Karati 18 ina maana kwamba sehemu 18 kati ya 24 ni dhahabu na zilizobaki ni shaba, fedha au madini mengine yaliyotiwa ili pambo liwe gumu. Kwenye pambo lenyewe mara nyingi hupigwa muhuri wa tarakimu: 750 kwa karati 18, 875 kwa karati 21, 916 kwa karati 22. Mapambo mengi yanayoletwa kutoka Dubai na Oman ni ya karati 21 au 22. Vipande vya akiba hupigwa 999 au 999.9. Kwa upande wa fedha, pambo zuri huwa 925 na kipande cha akiba 999.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba siku fulani gramu moja ya dhahabu safi ni shilingi 15,000. Bangili ya gramu 10 ya karati 18 ina dhahabu safi gramu 7.5, ambayo thamani yake ni shilingi 112,500. Sonara ataongeza gharama ya ufundi na faida yake, tuseme shilingi 30,000, na mteja atalipa 142,500. Akiirudisha hata wiki inayofuata, ufundi haurudishwi. Duka litaipima kama dhahabu ya kuyeyusha na kukata kidogo, pengine asilimia 5. Mteja atapokea shilingi 106,875. Ili arudishe pesa zake bila hasara wala faida, bei ya dhahabu lazima ipande kwa theluthi nzima.

Mwingine anunue kipande cha gramu 10 cha 999. Thamani ya dhahabu yake ni takriban shilingi 150,000. Akiuziwa kwa nyongeza ya asilimia 5 atalipa 157,500, na akikatwa asilimia 3 wakati wa kuuza atapokea 145,500. Yeye naye amepoteza, lakini kwake bei ikipanda kwa asilimia 8 na ushei tu, amerudisha pesa zake.

Hakuna ubaya kununua bangili. Mama anayemvalisha bintiye harusini hanunui uwekezaji peke yake, na bangili hiyo imewahi kulipa karo katika nyumba nyingi za Pwani. Ila anayetaka akiba tupu anahitaji kuuliza maswali mawili kabla ya kulipa: kesho duka hili litainunua tena kwa bei gani, na litakata kiasi gani? Duka lisilotaka kujibu hilo limekwisha jibu.

Bei inatoka wapi

Bei ya dunia hutajwa kwa dola za Marekani kwa wakia moja. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, si zile gramu 28.35 za wakia ya kawaida. Masonara wengine bado huhesabu kwa tola, ambayo ni gramu 11.66. Kila anayenunua aombe bei kwa gramu, ili asichanganywe na vipimo vitatu kwa wakati mmoja.

Kwa kuwa bei ni ya dola, anayenunua kwa shilingi anabeba hatari mbili. Mwishoni mwa Januari 2024 wakia ya dhahabu ilikuwa karibu dola 2,040, na dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Hiyo ni takriban shilingi 326,000 kwa wakia. Kufikia mwisho wa Juni mwaka huohuo dhahabu ilikuwa imepanda hadi karibu dola 2,320, lakini shilingi nayo ilikuwa imepata nguvu hadi 129 hivi kwa dola. Wakia ileile ikawa takriban shilingi 299,000. Habari zilisema dhahabu imepanda, na Mkenya aliyenunua Januari akawa amepata hasara.

Dhahabu yenyewe pia hushuka, tena kwa miaka. Septemba 2011 ilipita dola 1,900 kwa wakia. Desemba 2015 ilikuwa chini ya dola 1,100, na ni Agosti 2020 ilipovuka 2,000 kwa mara ya kwanza. Fedha huyumba zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya mahitaji yake ni ya viwanda, kama vile vya vifaa vya umeme na paneli za sola. Aprili 2011 ilikaribia dola 49 kwa wakia. Mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 15. Aidha, fedha ni rahisi mno kwa gramu, hivyo akiba ya maana huwa mzigo wa kilo kadhaa unaohitaji mahali pa kuwekwa, na tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza kwa kawaida huwa kubwa kuliko ya dhahabu.

Madini haya hayazai. Hayatoi riba kama hatifungani za serikali wala gawio kama chama cha ushirika. Pesa za karo ya Januari, za kodi ya nyumba au za mkopo hazifai kuwekwa humo, kwa maana siku ya kuzihitaji inaweza kuangukia siku ambayo bei iko chini.

Kununua bila kushika

Tangu Machi 2017 dhahabu inanunuliwa pia katika Soko la Hisa la Nairobi kupitia hazina iitwayo NewGold. Kila kizio kinafuata bei ya takriban sehemu moja ya mia ya wakia. Mnunuzi hufungua akaunti ya CDS kwa dalali wa hisa aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kisha hununua na kuuza kama hisa. Hakuna wizi wa nyumbani wala wasiwasi wa bandia. Kuna ada za dalali na za uendeshaji, na siku nyingine wanunuzi sokoni ni wachache.

Mizani na vipimo

Gramu ikiwa shilingi 15,000, sehemu moja ya kumi ya gramu ni shilingi 1,500. Kwa hiyo mizani ni pesa. Mizani ya biashara lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka na afisa wa vipimo, na mteja ana haki ya kuomba kuuona muhuri huo. Mizani ianze na sufuri, na pambo lipimwe mbele yake baada ya mawe na vishikizo visivyo vya dhahabu kuondolewa au kukatwa kwenye hesabu.

Majaribio ya nyumbani yana mipaka. Sumaku haivuti dhahabu, lakini haivuti shaba pia. Maji husaidia zaidi: kipande cha dhahabu safi cha gramu 100 hupandisha maji kwa mililita 5 na kidogo, ilhali shaba nyeupe ya uzito uleule hupandisha zaidi ya mara mbili. Hata hivyo kuna chuma kiitwacho tangisteni ambacho uzani wake unakaribiana mno na wa dhahabu, na wadanganyifu hukijua. Kwa kiasi kikubwa, kipimo cha kuaminika ni cha maabara au mashine ya miale, tena kwa mtaalamu aliyechaguliwa na mnunuzi.

Dhahabu ya nusu bei

Ulaghai unaorudiwa zaidi nchini unafuata njia moja. Mtu hupigiwa simu au huletwa na rafiki wa rafiki. Kuna dhahabu ghafi, husemwa imetoka Kongo, na mwenyewe ana haraka. Mnunuzi hupewa chembe ya kupima, na chembe ni halisi. Kisha huonyeshwa sanduku, hulipa sehemu ya pesa, na ndipo ada huanza: ya forodha, ya ghala, ya cheti, ya kuitoa uwanja wa ndege. Sanduku likifunguliwa huwa na shaba, au halifunguliwi kabisa.

Swali linalovunja hadithi hii ni dogo. Mwenye dhahabu halisi anaweza kuiuza kwa mfanyabiashara mwenye leseni kwa bei inayokaribia ya dunia. Kwa nini amtafute mgeni ampe kwa nusu? Isitoshe, Sheria ya Madini ya 2016 inakataza kufanya biashara ya madini bila leseni, kwa hiyo anayenunua dhahabu ghafi hotelini anaweza kupoteza pesa na kujikuta mshukiwa pia. Taifa zima limewahi kulipia dhahabu ya karatasi: katika sakata ya Goldenberg, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mabilioni ya shilingi yalitolewa kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwapo.

Risiti na malalamiko

Duka halali linaweza kumwomba mteja wa kiasi kikubwa kitambulisho na kuuliza pesa zimetoka wapi. Wafanyabiashara wa madini ya thamani wanabanwa na sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa, na mteja hana sababu ya kukasirika. Yeye naye adai risiti inayoonyesha uzito kwa gramu, karati, bei ya gramu siku hiyo, ufundi peke yake, na kodi kama imejumuishwa. Risiti na kipande visiwekwe pamoja, na mtu mmoja wa kuaminika katika familia ajue vilipo.

Anayeshuku kwamba amepunjwa uzito apeleke lalamiko kwa afisa wa vipimo wa kaunti akiwa na risiti na pambo lenyewe jinsi lilivyouzwa. Aliyetapeliwa aripoti kituo cha polisi au kwa wapelelezi wa DCI mara moja, bila kufuta ujumbe wa simu. Na asikubali mtu yeyote, hata fundi anayemjua, aliyeyushe pambo kabla halijapimwa.