DIFU YA LAND ROVER KUUKUU: UTAIJUAJE BILA KUIFUNGUA?

Hapana shaka kila mmoja wenu amewahi kuiona Land Rover ya zamani, ile yenye sura ya sanduku, ikipanda mlima polepole huku inanguruma kama simba mwenye njaa. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na ukoo wake wa kwanza, unaoitwa Series, uliendelea kuundwa hadi 1985. Kwa kuwa mwili wake ni wa alumini, hauliwi na kutu upesi, ndiyo maana mengine yangali barabarani hadi leo. Lakini gari la umri huo limepita mikono mingi. Fundi huyu alitoa kipuri hapa, yule akatia kingine pale. Ndipo linapozuka swali: difu iliyomo katika ekseli ya nyuma ni yake kweli, au ni ya kuazima?

Tuanze na difu yenyewe. Injini huzungusha giaboksi, nayo giaboksi huzungusha propela shafti, yaani lile bomba refu la chuma lipitalo chini ya gari kwenda nyuma. Huko nyuma, ndani ya uvimbe ule wa mviringo ulio katikati ya ekseli, mna gia mbili zinazoumana. Ndogo huitwa pinioni, na kubwa mfano wa sinia huitwa krauni. Katika Land Rover nyingi za Series, krauni ina meno 47 na pinioni ina meno 10. Gawanya 47 kwa 10, utapata 4.7. Maana yake ni kwamba propela shafti huzunguka mara 4.7 ili magurudumu yazunguke mara moja tu. Huo ndio uwiano wa difu.

(Wapenzi wa Hisabati tazameni hapa: 47 na 10 hazina kigawanyo cha pamoja isipokuwa 1. Waundaji walikusudia. Jino moja la pinioni halirudii jino lile lile la krauni kila mara, bali hukutana na yote kwa zamu, na meno yakalika sawasawa.)

Basi, mwaka 1970 ilitokea Range Rover, ambayo difu yake ina krauni ya meno 46 na pinioni ya meno 13, yaani 3.54. Difu hiyo ya zamani huingia vizuri tu katika ekseli nyingi za Series, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Watu huitia kwa sababu gari hupata mbio na injini hutulia. Hesabu yake ni hii. Tairi la kawaida la Land Rover husafiri kama mita 2.4 kila linapozunguka. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gari likiwa katika gia ya nne, difu ya 4.7 italipeleka kilomita 80 hivi kwa saa, ilhali ya 3.54 italipeleka kama 106. Ukitaka raha ya barabara kuu, hiyo ni tamu. Lakini beba magunia ya mahindi upande kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, utatamani ile ya zamani! Kwa maoni yangu, gari la kazi liachiwe 4.7 yake.

Haya, tutaijuaje? Namba zilizochorwa kwenye ekseli hazitoshi, maana ekseli huweza kubaki na matumbo yake yakabadilishwa. Njia ya hakika ni kuhesabu mizunguko, na vifaa vyake ni jeki, stendi imara, chaki na watu wawili.

Kabla ya yote, kuna jambo ambalo limewaponza wengi. Katika magari mengi handibreki hushika magurudumu ya nyuma. Katika Land Rover ya Series haifanyi hivyo, bali hushika propela shafti. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile lililo chini linaweza kubingirika hata kama handibreki imevutwa mpaka mwisho, kwa sababu difu huliruhusu hili kwenda mbele na lile lililo hewani kurudi nyuma. Gari litaondoka na wewe uko chini yake. Kwa hivyo egesha mahali tambarare, na uzuie magurudumu yote matatu yatakayobaki chini kwa mawe au magogo makubwa, mbele na nyuma. Inua gurudumu moja la nyuma, kisha tia stendi chini ya ekseli. Jeki peke yake usiiamini hata kidogo.

Sasa weka gia nyutro. Ule wenzo mwekundu uwe mbele, na kirungu cha manjano kiwe juu, ili magurudumu ya mbele yasiwe kazini. Achilia handibreki, la sivyo propela haitazunguka. Piga alama ya chaki kwenye tairi lililoinuliwa, na nyingine kwenye propela karibu na difu. Mmoja azungushe gurudumu taratibu, mwingine achungulie kutoka ubavuni na kuhesabu propela.

Zungusha gurudumu mara moja kamili. Katika difu ya 4.7 utaona propela imezunguka mara mbili na theluthi hivi. Wengi hapa hushtuka, wakadhani wamepata difu ya ajabu ya 2.35. La hasha! Kazi ya difu ni kugawa mwendo kati ya magurudumu mawili, na mwendo wa krauni ni wastani wa magurudumu hayo. Moja likisimama kabisa na jingine likazunguka mara moja, krauni imezunguka nusu tu. Kwa hivyo gurudumu lizungushwe mara mbili ndipo krauni ikamilishe mzunguko mmoja.

Afadhali zaidi, zungusha mara 20. Krauni itakuwa imezunguka mara 10, na ukigawa hesabu ya propela kwa 10 una jibu lako. Ukipata 47, difu ni ya 4.7. Ukipata 35 na karibu nusu, ni ile ya Range Rover. Kwa nini 20 na si 2? Kwa sababu Land Rover za mwanzo kabisa zilikuwa na difu ya 4.88. Kwa mizunguko miwili, tofauti ya 4.88 na 4.7 haifiki hata robo ya mzunguko, na difu kuukuu ina ulegevu wake, jicho litadanganyika. Kwa mizunguko 20, tofauti ni karibu mizunguko miwili ya propela, na hata mtoto ataiona.

Ukimaliza nyuma, nenda mbele ukafanye vivyo hivyo, na hapa ndipo penye hatari kubwa. Pengine mtu alibadilisha difu ya mbele akasahau ya nyuma. Wakati gari linatumia magurudumu mawili, hakuna atakayejua. Siku ukibonyeza kirungu cha manjano, propela zote mbili zitazunguka sawasawa. Zikizunguka mara 47, magurudumu ya nyuma yenye 4.7 yatataka kwenda mita 24, nayo ya mbele yenye 3.54 yatataka kwenda karibu mita 32. Na gari ni hilo hilo moja! Kwenye matope tairi zitateleza, lakini kwenye lami lazima kitu kivunjike, na mara nyingi ni zile shafti ndogo zilizo ndani ya ekseli.

Na hata kama difu zote mbili ni 3.54, itazame spidimita. Katika magari haya huendeshwa na giaboksi, haijui lolote kuhusu difu. Sindano ikisema 80, wewe uko 106.