Kwale si Diani Peke Yake

Wasafiri wengi wavukao kivuko cha Likoni huelekea kusini wakiwa na neno moja tu midomoni mwao, nalo ni Diani. Si ajabu, kwani mchanga wa Diani ni mweupe kama unga, na mawimbi ya bahari kuu huvunjikia mbali juu ya mwamba, hata maji yafikapo ufuoni yamekwisha tulia. Lakini aliyefika Diani akarudi hajaiona Kwale. Tena inasikitisha kwamba wengi wetu tulio wenyeji wa Kenya hata huko Diani hatufiki, tukidhani kuwa kutembea na kutazama nchi ni kazi ya wageni watokao Ulaya.

Na tuanze milimani. Ukiiacha barabara kuu pale Kombani, gari hupanda mpaka mji wa Kwale, na joto la pwani hupungua. Jirani na mji ndipo penye Shimba Hills, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Katika Kenya nzima, hapa ndipo mahali pekee anapoishi palahala, mnyama mwenye pembe ndefu zilizopindika kwa nyuma kama jambia. Dume likikomaa huwa jeusi. Wamesalia wachache, basi usikasirike ukirudi bila kumwona. Maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa mita 21 hivi, huendewa kwa miguu pamoja na askari wa wanyama. Kuteremka ni rahisi, kurudi ndiko kwenye jasho. Watu wengi wa Mombasa wamekunywa maji ya milima hii pasipo kujua, maana chemchemi za Marere zimepelekwa mjini kwa mabomba.

Lakini mahali ambapo ningependa kila msomaji apaone ni Kaya Kinondo, kusini kidogo ya Diani. Ni msitu mdogo wa Wadigo, kiasi cha hekta 30 tu, na mwaka 2008 uliingizwa pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Hakati kijiti, haokoti jani, hapigi kelele. Wako watakaoyaita mambo hayo ushirikina. Mimi naona kwamba miti mingi ya ufuo ule imekatwa, na ile ambayo wazee waliikataza ingali imesimama. Katika kisiwa cha Chale, kilicho karibu, sehemu ya mahali patakatifu imekwisha jengwa hoteli. Na msitu ukiisha kung'olewa, hauwezi kurudishwa kwa barua ya ofisi yo yote.

Hata mbega wa Diani, wenye manyoya meusi na meupe, wamepungukiwa na miti ya kurukia. Watu wenye huruma wamewatungikia madaraja ya kamba juu ya barabara ili wasigongwe na magari. Watoto hufurahi mno kuwatazama wakivuka.

Ukizidi kwenda kusini utafika Gazi. Mikoko ya hapo ilikatwa ovyo katika miaka ya 1970 ili iwe kuni za viwandani, na watu wakaona samaki wakipungua. Baadaye ilipandwa upya, na tangu mwaka 2013 wanakijiji hupata fedha kwa kuitunza, kwa kuwa miti hiyo huisafisha hewa ya dunia. Fedha hizo zimesaidia shule na maji ya kunywa. Akina mama wa Gazi wamejenga njia ya mbao katikati ya mikoko, nao humwongoza mgeni kwa malipo madogo.

Msambweni ina majabali ya matumbawe yaliyochongwa na mawimbi, na ufuo wake ni wa kimya kuliko Diani. Mwisho wa safari ni Shimoni, ambapo huchukua mashua kwenda kisiwa cha Wasini, kisicho na gari hata moja, na kwenye bahari ya hifadhi ya Kisite. Hapo kuvua ni marufuku, ndiyo sababu samaki ni tele na pomboo huandamana na mashua. Atakaye kuyaona matumbawe vizuri na aende wakati wa kaskazi, maji yakiwa maangavu. Kusi ikivuma bahari huchafuka, na nahodha mwenye akili hukataa kung'oa nanga hata ukimwongezea nauli.