Pande Mbili za Uso na Matarajio ya Mgonjwa

Kijana mmoja wa Kisarawe, aliyevunjika mfupa wa shavu katika ajali ya bodaboda, alifika kliniki akiwa na picha yake ya harusi. “Daktari,” alisema, “naomba unirudishie uso huu.” Tuliitazama picha ile pamoja. Kwa mara ya kwanza aligundua kwamba hata siku ile jicho lake la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia.

Hakuna binadamu ambaye pande mbili za uso wake zinalingana kabisa. Tofauti hiyo hatuioni kwa kuwa tumeizoea kwenye kioo, ambacho hugeuza kulia kuwa kushoto. Kamera ya simu nayo, ikiwa karibu mno, huikuza pua. Ndiyo maana mtu hujiona mgeni katika picha yake mwenyewe.

Upasuaji hurudisha mfupa mahali pake na kupunguza tofauti; haufuti kila tofauti. Uvimbe huweza kuchukua wiki au miezi kwisha. Kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mzima au zaidi, na kwa baadhi ya watu hutuna. Ganzi ya shavu na mdomo wa juu huenda isiishe. Mgonjwa anastahili kuyajua haya kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.

Nilijifunza hili kwa kosa langu. Nikiwa daktari mchanga nilimwambia mama mmoja, kwa nia ya kumfariji, “Utakuwa kama zamani.” Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini alirudi akiniuliza hiyo zamani iko wapi. Sikuwa na jibu.

Kwa wenzangu wa Kibaha na Kisarawe: majeruhi wengi wa Barabara ya Morogoro hufikishwa kwanza Hospitali ya Tumbi, na neno la kwanza la mhudumu ndilo mgonjwa analolibeba hadi kwa mpasuaji. Msimwahidi uso wa zamani. Muulizeni ni nini hasa kinachomsumbua: kuona, kutafuna, au macho ya watu? Wala msichelewe kumpa rufaa, kwani mfupa uliounga vibaya ni mgumu zaidi kurekebisha. Na uso uliopinda ghafla pasipo ajali huenda ni kiharusi. Mgonjwa awahishwe hospitali mara moja.

Kijana yule, kabla ya kutia saini, nilimwomba anieleze alichoelewa. “Hutanirudishia uso wa picha,” alisema. “Utanisogeza karibu nao.” Hapo nikajua kwamba sote wawili tuko tayari.