Fahamu: Kwa nini komini ya Minembwe iliwasha moto Fizi

Tarehe 28 Septemba 2020, waziri wa ugatuzi wa Kongo, Azarias Ruberwa, alipanda hadi Minembwe, kwenye milima ya teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, kushuhudia mkuu wa komini, kitengo cha utawala wa ndani, akisimikwa. Siku kumi baadaye Rais Félix Tshisekedi, akiwa Goma, akaifuta hatua hiyo.

Ruberwa hakuwa mgeni madarakani. Mkataba wa Pretoria wa Desemba 2002 ulizaa serikali ya “1+4”: Rais Joseph Kabila na makamu wanne. Ruberwa, kiongozi wa waasi wa RCD, akawa mmoja wao, akapewa siasa na ulinzi.

Tatizo la Minembwe lilikuwa ardhi. RCD iliwahi kuifanya Minembwe teritwari wakati wa vita vilivyotangulia mkataba huo, ikafutwa baadaye. Amri ya 2013 ikairudisha kama komini. Amri hiyohiyo iliipa Baraka, kule chini kando ya Ziwa Tanganyika, hadhi ya mji. Baraka haikuzua kelele kama za Minembwe. Wabembe wengi, kabila kubwa la Fizi, waliiona komini kama kumegwa kwa ardhi ya machifu wao; Wanyamulenge, Watutsi wafugaji wa milima hiyo, kama utawala wa karibu walioudai miaka mingi.