Kiti cha ofisini kilichouzwa kama mbao chakavu sasa chauzwa kwa bei ya gari

KUANZIA mwishoni mwa miaka ya 1990, ofisi za Serikali katika mji wa Chandigarh, kaskazini mwa India, zilikuwa zikitoa nje viti na meza za zamani, kuvirundika uani na juu ya mapaa, kisha kuvipiga mnada kama vitu chakavu. Wanunuzi wengi walikuwa mafundi na wachuuzi wa mbao. Hesabu waliyopiga ilikuwa ya msaji uliomo ndani ya kiti, basi.

Lakini katika minada hiyo walianza kuonekana wafanyabiashara wachache wa samani kutoka Paris, Ufaransa. Wao walijua jambo ambalo muuzaji hakulijua. Walinunua kwa wingi, wakasafirisha kwa makontena, wakasafisha, wakasuka upya henzerani za makalio na migongo, na baada ya miaka michache viti hivyo vikawa vinanadiwa Paris, London na New York. Leo jozi ya viti hivyo, ikiwa na karatasi zake, huweza kufikia makumi ya maelfu ya dola za Marekani.

Mkulima aliyewahi kuuzia mahindi shambani kabla ya kujua bei ya Tandale au Kibaigwa ataielewa habari hii bila kuelezwa mara mbili.

Mji wa Chandigarh ulijengwa baada ya India kugawanywa mwaka 1947, pale jimbo la Punjab lilipopoteza mji wake mkuu, Lahore, uliobaki Pakistan. Mwaka 1951 kazi ya kuupanga mji mpya ilikabidhiwa kwa msanifu Le Corbusier, akisaidiana na binamu yake, Pierre Jeanneret, pamoja na Waingereza Maxwell Fry na Jane Drew. Jeanneret ndiye aliyebaki pale hadi mwaka 1965, akisimamia ujenzi na pia samani za mahakama, ofisi, maktaba na chuo kikuu. Zilihitajika kwa maelfu na kwa gharama ndogo. Hivyo ukachaguliwa msaji, mbao isiyoogopa mchwa wala unyevu, ikachongwa na mafundi wa kawaida wa karakana za hapo hapo.

Hapo ndipo ugumu wa kuthamini unapoanzia. Kwa kuwa michoro iligawiwa karakana nyingi, viti viwili vya aina moja huweza kutofautiana unene wa miguu au pembe ya mgongo, na vyote vikawa halali. Mthamini hawezi kuchukua futi na kusema kimoja ni bandia. Analazimika kukipindua kiti. Hutazama nyayo za miguu kama zimelika kwa miaka ya kuburutwa sakafuni, skrubu kama ni za zamani, na rangi ya mbao sehemu zisizoguswa na mkono. Hutafuta pia herufi na namba zilizoandikwa kwa rangi na watunza stoo, zinazoonyesha kiti kilitoka Mahakama Kuu, chuo kikuu au ofisi fulani. Herufi hizo zilikuwa za kuzuia wizi tu. Sasa zinaongeza bei, na kwa sababu hiyo hiyo waghushi nao wamejifunza kuziandika.

Ushahidi unaotafutwa zaidi ni wa karatasi. Stakabadhi ya ule mnada wa vitu chakavu, ambayo mtu mwingine angeitupa, ndiyo inayothibitisha kwamba kiti kilitoka Chandigarh na kwamba kilinunuliwa kihalali. Wauzaji wa Ulaya huiweka pamoja na kiti kama cheti cha ng'ombe wa asili.

Baada ya asili kujulikana, mthamini huangalia hali. Henzerani iliyosukwa upya haishushi bei sana, kwa sababu kila mtu anajua kwamba henzerani huchakaa. Kiti kilichopigwa msasa hadi kung'aa na kupakwa vanishi nzito kina tatizo kubwa zaidi, maana kimefutwa umri wake. Kibaya zaidi ni kile kilichoungwa kutoka viti vitatu vilivyovunjika. Mbao yote ni ya zamani, lakini kiti ni kipya.

Kisha hutafutwa mauzo ya vitu vinavyofanana katika minada iliyopita, na kutokana nayo nyumba ya mnada huchapisha makisio mawili, ya chini na ya juu. Ipo pia bei ya siri ambayo chini yake kitu hakiuzwi, na kwa kawaida haizidi makisio ya chini. Makisio ya chini huvutia wanunuzi wengi, na yakiwa juu mno kitu hurudi stoo na sifa yake kuharibika.

Hata hivyo, makisio si bei. Mwaka 2009 kiti cha Eileen Gray kilichokuwa mali ya mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent kilikisiwa na nyumba ya Christie's mjini Paris kuwa cha Euro milioni 2 hadi 3, kikauzwa kwa takriban Euro milioni 21.9. Ilitosha kuwapo watu wawili waliokitaka kweli. Siku ambayo mmoja wao hayupo, bei ni nyingine kabisa.

Mwuzaji naye asihesabu bei ya nyundo kama fedha yake. Chukua mfano wa kiti kilichogongewa nyundo kwa dola 10,000. Kama kamisheni ya mnunuzi ni asilimia 25, mnunuzi atalipa 12,500. Kama mwuzaji anakatwa asilimia 10, atapokea 9,000, kabla ya usafiri, bima na picha. Kati ya alicholipa mmoja na alichopata mwingine zimekatika dola 3,500. Magazeti kwa kawaida huandika ile 12,500, na ndiyo inayowapotosha wengi.

Afrika nayo imepitiwa. Nyumba za chuma na alumini za Jean Prouvé, zilizopelekwa Niamey mwaka 1949 na Brazzaville mwaka 1951 kwa ajili ya makoloni ya Ufaransa, zilinunuliwa nusu karne baadaye na mfanyabiashara wa Paris, zikafunguliwa vipande na kusafirishwa. Moja ya zile za Brazzaville iliuzwa New York mwezi Juni 2007 kwa karibu dola milioni 5.

India ilijaribu kuzuia minada ya Ulaya, lakini mali ilikuwa imenunuliwa kwa Serikali yenyewe. Sheria yake ya mambo ya kale ya mwaka 1972 haikusaidia, kwani hutaka kitu kiwe na miaka 100. Februari 2011, Serikali Kuu ilipiga marufuku kuuza nje samani hizo, na uhesabuji ukaonyesha kwamba zimebaki zaidi ya 12,000.

Liko pia suala la aina ya mbao. Msaji, kama ule wa Longuza na Mtibwa, hausumbui mpakani kwa vibali vya mkataba wa CITES. Lakini baadhi ya samani za Chandigarh zilichongwa kwa mti wa jamii ya Dalbergia, na tangu Januari 2017 jamii yote hiyo, ukiwamo mpingo wa Lindi na Ruvuma, imo katika orodha ya mkataba huo. Meza nzito ya mbao hiyo isiyo na kibali huweza kukwama bandarini hata kama imeshalipiwa.

Katika Chandigarh kwenyewe, viti vingi bado vimo ofisini na vinakaliwa kila siku. Wizi umeripotiwa mara kadhaa, na safari hii wezi wanajua wanachokibeba.